C imejaa, D ina nafasi tele: kuhamisha mpaka bila kupoteza faili

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari. Nimelifupisha kidogo:

"Nina HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa i5-6300U, RAM GB 8, diski ya GB 500, Windows 10. C ina GB 97 na zimebaki GB 2 tu. D ina GB 368 na nimetumia 140: matokeo ya wanafunzi ya miaka sita, mitihani, picha, na video moja ya mahafali yenye GB 6. Nikitaka kuiongeza C, maneno Extend Volume yamefifia, hayabonyezeki. Fundi anasema lazima apige Windows upya na kila kitu kifutwe. Mwenzangu ofisini anasema nikubali tu ule ujumbe wa dynamic disk. Nikimaliza hilo, naweza kupata Windows 11? Naomba unisaidie, maana matokeo hayo sina mahali pengine."

Mwalimu, salaam. Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonishtua kuliko C kujaa. Matokeo ya miaka sita yako kwenye diski moja ya mtumba. Hata tusipogusa patisheni yoyote (yaani vipande vya diski kama C na D), hilo peke yake ni tatizo, na dawa yake ndiyo itakayoturahisishia na hili la pili.

Fundi wako hakusema uongo kabisa, ila amechagua njia iliyo rahisi kwake. Windows haihitaji kupigwa upya. Mwenzako wa ofisini ndiye aliyekosea vibaya, na nitafika kwake.

Kwanza uelewe kwa nini maneno yale yamefifia. Chukulia diski ni shamba lililopimwa viwanja. Mipaka imeandikwa kwenye hati, na katika diski ya mtindo wa MBR (namna ya zamani ya kuandika mipaka) kama yako, hati hiyo iko kwenye sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512. Sehemu inayotaja mipaka ni baiti 64 tu: nafasi nne, baiti 16 kila moja. Ndiyo maana MBR haibebi zaidi ya patisheni kuu nne. Ukifungua Disk Management, programu ya Windows ya kupanga diski, utaona kipande kidogo cha mwanzo kinachowashia mashine, halafu C, halafu kipande cha kama MB 500 kilichoandikwa Recovery, halafu D. Vinne, hati imejaa.

Sasa, C inaweza kuongezwa upande wake wa kulia tu, na kwa ardhi tupu inayogusana nayo. Jirani wa kulia wa C ni Recovery, na baada yake D. Hakuna ardhi tupu hapo, kwa hiyo Windows inafifisha maneno. Wengi hudhani dawa ni kuipunguza D kwa Shrink Volume. Wanaipunguza, wanapata GB 100 tupu, na maneno bado yamefifia, kwa sababu Shrink hukata mwisho wa D, yaani upande wa mbali na C. Umepata kiwanja, lakini kiko nyuma ya nyumba ya jirani.

Ili nafasi ije upande wa C, lazima mwanzo wa D usogee. Hapo ndipo kazi inapobadilika sura. Katika NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga faili, anwani ya kila faili huhesabiwa kuanzia mwanzo wa patisheni yake. Kusogeza mwisho ni kubadilisha namba kwenye hati, na kama sehemu hiyo ni tupu, kazi ni ya sekunde. Kusogeza mwanzo ni kubeba kila kilichomo, tofali kwa tofali, na kukijenga upya hatua chache mbele. GParted na programu nyingine za aina hiyo zinaweza, na mara nyingi humaliza salama. Lakini kwenye diski ya kuzunguka yenye GB 140 ndani, ni saa kadhaa ambazo data yako nusu iko kule na nusu iko huku.

Nilijifunza hilo kwa jasho. Miaka ya nyuma nilisogeza patisheni ya mpiga video za harusi kwenye laptopu ambayo betri yake ilikuwa pambo tu. Nilijiambia umeme haujakatika wiki nzima, leo hautakatika. Ulikatika kazi ikiwa imevuka nusu. Nilikaa siku mbili na TestDisk na PhotoRec, programu za kuokoa data iliyopotea. Picha nyingi zilirudi bila majina, video kubwa karibu zote zilirudi zimevunjika. TestDisk ni hodari kurudisha patisheni iliyofutwa kwenye hati, kwa sababu vilivyomo bado vipo mahali pake. Iliyokatwa katikati ya kuhama ni habari nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu, na unaweza kukushangaza: usiisogeze D. Inakili yote nje, ifute, iongeze C, kisha uitengeneze D upya na kurudisha vitu. Nakala unaihitaji kwa vyovyote. Ukishakuwa nayo, kusogeza hakukupi faida yoyote, kunakuongezea saa za roho mkononi.

Kabla ya kunakili, pima afya ya diski. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha Good, endelea. Ikionyesha Caution kwa rangi ya njano, angalia mistari yenye namba 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu za diski zilizokufa au zinazoelekea kufa. Ikiwa hivyo, nakili vitu vyako leo hii, ukianza na matokeo, kisha usahau habari ya patisheni na ununue diski nyingine. Usiendeshe hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayokata roho kabla ya kunakili, maana inaisugua wakati inahitaji kupumzika.

Utahitaji eksteno, yaani diski ya nje ya USB, yenye nafasi ya GB 200 hivi. Kama huna, azima. Kunakili kutoka D kwenda C hakuhesabiki, ni kuhamisha mayai kutoka upande mmoja wa kapu kwenda mwingine.

Hapa kuna kisiki kimoja kinachoweza kukungoja. Baadhi ya eksteno za kuazima zimefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Hapo ile video ya mahafali itagoma, na ujumbe utakuambia faili ni kubwa mno ilhali unaona nafasi bado ni tele. FAT32 inaweza kugeuzwa kuwa NTFS bila kufuta kilichomo. Fungua dirisha la amri kwa Run as administrator, na kama eksteno imepewa herufi F, andika:

chkdsk F: /f
convert F: /fs:ntfs

Itakuuliza jina la diski, uliandike kama lilivyo, kisha isubiri. Mambo mawili. Moja, Windows haina amri ya kurudi nyuma kutoka NTFS kwenda FAT32 bila kufomati. Pili, muulize mwenye eksteno kwanza. Kama anaitumia kwenye sabufa au redio ya gari, nyingi ya hizo hazisomi NTFS, na utamrudishia diski bubu. Akikataa, ikate ile video kwa 7-Zip vipande vya GB 3, utaviunganisha baadaye.

Kunakili kwenyewe, usiburute folda kwa kipanya. Faili moja likigoma, utabaki hujui kipi kimepita na kipi hakikupita. Tumia robocopy, iko ndani ya Windows tayari:

robocopy D:\ F:\nakalaD /E /XJ /R:1 /W:1

Ikimaliza inatoa jedwali. Tazama safu ya Failed: iwe sifuri kwenye mafaili na kwenye folda. Kama si sifuri, panda juu usome ni kipi kilichogoma; ikiwa ni folda ya System Volume Information pekee, hiyo ni ya Windows yenyewe, usijali. Na usiogope ukifungua eksteno na kukuta folda nakalaD haipo. Ipo. Ukinakili kuanzia mzizi wa diski, robocopy hubeba hata sifa za mzizi ule, ambao Windows huuficha, na folda mpya inafichwa nayo. Nimeshapigiwa simu ya kilio kwa jambo hili. Andika:

attrib -h -s F:\nakalaD

na itajitokeza. Kisha fungua mafaili kumi ya nasibu kutoka kwenye eksteno, si kutoka D: matokeo ya mwaka wa kwanza, ya mwaka huu, picha mbili tatu, na ile video uirushe mpaka dakika za mwisho. Kwenye tundu la USB 2.0, GB 140 huchukua saa moja na nusu au zaidi. Kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lenye rangi ya bluu ndani, ni chini sana ya hapo. Folda ya matokeo iweke na kwenye flashi pia. Usisahau Desktop na Documents zako, hizo kwa kawaida ziko C, na C nayo tunaigusa.

Ukimaliza, chomoa eksteno. Hili nalisisitiza, kwa sababu amri zinazofuata hufuta bila kuuliza, na kitu ambacho hakijachomekwa hakiwezi kufutwa kwa kidole kilichoteleza. Chaji iwe imechomekwa na betri iwe inashika kweli.

Tuiandae C. Andika powercfg /h off. Amri hii inazima usingizi mzito wa mashine na kufuta faili hiberfil.sys, ambalo kwa RAM ya GB 8 huwa linakula kama GB 3. Utaona C inapumua papo hapo. Halafu chkdsk C: /f, kubali kwa Y, uwashe upya na uiache imalize. Ukiona alama ya kufuli kwenye C ndani ya This PC, basi BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, inafanya kazi: isimamishe kwa muda na uandike mahali ule ufunguo wa tarakimu 48.

Sasa ile Recovery iliyokaa katikati. Ndani yake mna zana ambazo Windows huzitumia ikishindwa kuwaka. Tunaziondoa kistaarabu kwanza:

reagentc /disable

Amri hii inazirudisha zana zile ndani ya C, kwenye folda ya Windows\System32\Recovery. Hakikisha imejibu kuwa imefanikiwa. Baada ya hapo nenda Disk Management, bofya kulia juu ya D, chagua Delete Volume. Najua mkono utasita. Ndiyo maana tulifungua mafaili kumi.

Recovery haifutiki kwa Disk Management, inahitaji diskpart, zana ya Windows ya kupanga diski kwa amri:

diskpart
list disk
select disk 0
list partition

Hapa usiende kwa namba, nenda kwa ukubwa. Unatafuta kile kipande cha MB 500 hivi kilicho baada ya C, si kile cha mwanzo wa diski kinachowashia mashine. Ukikosea ukafuta cha mwanzo, laptopu haitawaka. Safu ya Offset inakuonyesha kila kimoja kinaanzia wapi: cha mwanzo kitasoma kama KB 1024, tunachokitaka kitasoma GB 97 hivi. Chukulia ni cha tatu:

select partition 3
delete partition override
exit

Rudi Disk Management. Upande wa kulia wa C sasa pawe na kipande kimoja chenye mstari mweusi juu, Unallocated. Ukikuta mstari wa kijani na maneno Free space, D yako ilikuwa ndani ya uzio wa extended. Futa na uzio wenyewe, utageuka mweusi. Bofya kulia C, na maneno Extend Volume yatakuwa yameamka. Andika 102400, maana kisanduku kinahesabu kwa MB, na hiyo ni GB 100 kamili. Kazi yote haizidi sekunde chache.

Kwa njia, ndiyo maana C yako ilikuwa GB 97 na si 100. Aliyepiga Windows aliandika 100000 akidhani anatoa GB 100, na 100000 ukigawanya kwa 1024 unapata 97 na ushei. Laptopu nyingi za mtumba ninazofungua zina C ya namna hiyo. Enzi za Windows 7 ilitosha.

Sehemu iliyobaki, bofya kulia, New Simple Volume, NTFS, na uipe herufi D ileile ili njia za mkato na programu zisipotee. Kisha reagentc /enable, na reagentc /info kuthibitisha imeandika Enabled. Zana za uokoaji sasa zitaishi ndani ya C yenyewe, hazina tena kiwanja chao cha kuziba njia. Chomeka eksteno, geuza ile amri ya robocopy, chanzo kiwe F:\nakalaD na mwisho uwe D:\.

Nije kwa mwenzako na dynamic disk. Ujumbe ule hutokea pale Windows inapoombwa kitu ambacho hati ya viwanja vinne haiwezi, nayo inajitolea kubadili mfumo mzima wa hati. Ukikubali, baadhi ya patisheni zinaweza kweli kuongezwa kwa njia ambazo zilikuwa zinakataa, na mtu anaona kama muujiza. Lakini kurudi kwenye diski ya kawaida kwa zana za Windows kunataka ufute patisheni zote kwanza, C ikiwemo. Microsoft yenyewe imeshautangaza mfumo huo kuwa wa kizamani. Ukiuona ujumbe huo tena, jibu ni No, na umshukuru mwenzako kwa nia njema.

Windows 11. Angalia namba ya prosesa yako, i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: 6. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kuwaka kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha mashine). Kuna njia za kuilazimisha, ila mimi siweki mashine ya kazi ya mtu kwenye njia ambayo mwenye programu hajaahidi kuihudumia. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi unaishia 13 Oktoba 2026. Jiandikishe humo, na uanze kuweka akiba ya laptopu nyingine.

Nasema haya kwa sababu watu watakuambia ubadili diski kutoka MBR kwenda GPT, mtindo mpya wa hati unaoendana na UEFI. Kwako hakuna haja. MBR inahudumia diski mpaka TB 2, yako ni nusu ya TB 1. Kwa mwenye kizazi cha 8 na kuendelea ambaye mashine yake ilipigwa Windows 10 kwa mtindo wa zamani, zana ipo ndani ya Windows tangu toleo 1703:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS

Haifuti faili, ila ina masharti. Patisheni kuu zisizidi tatu, na pasiwe na extended. Kwa mpangilio kama wako ingekataa kwenye ile amri ya kwanza, mpaka D au Recovery iondoke. Na mpangilio wa hatua una maana: iongeze C kwanza, halafu ndipo ubadili, halafu ndipo utengeneze D. Ukiiendesha amri hii Windows ikiwa imewaka, inamega MB 100 hivi kutoka mwisho wa C ili kujenga patisheni mpya ya kuwashia. Ukibadili kabla ya kuongeza, umejiwekea jirani mpya palepale ulipomtoa yule wa zamani. Nimewahi kujifungia njia hivyo, nikabaki nacheka mwenyewe. Baada ya kubadili, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), kwa HP ni F10, uiweke kwenye UEFI badala ya Legacy, la sivyo skrini itabaki nyeusi na utadhani umeua mashine.

Jambo la mwisho ni la eksteno. Mwambie anayekuazima kwamba utakaa nayo wiki mbili, si siku moja. Kwenye siku hizo tumia laptopu kama kawaida, fungua matokeo, chapisha mtihani, tafuta picha ya mwaka juzi. Kitu kilichosahaulika huwa kinajulikana siku ya tano au ya sita, mkuu wa shule anapokiulizia.